Kukadiria joto la kale kwa majani ya visukuku: hesabu ikitoka vibaya, anzia wapi?

Njia yenyewe ni fupi. Unakusanya visukuku vya majani kutoka tabaka moja la mwamba, unavipanga kwa spishi, unahesabu spishi ambazo kingo za majani yake hazina meno, yaani vichongoko vidogo, kisha unagawanya kwa idadi ya spishi zote. Namba unayopata, kati ya 0 na 1, hapa tutaiita U. Irving Bailey na Edmund Sinnott walionyesha mwaka 1915 na 1916 kwamba misitu ya nchi za joto imejaa miti yenye majani ya ukingo laini, na ya nchi za baridi imejaa majani yenye meno. Mwaka 1979 Jack Wolfe aliipima hali hiyo katika misitu ya Asia ya Mashariki, na kutokana na data zake tukapata mlinganyo ambao wengi wanaanza nao:

joto la wastani la mwaka = 30.6 × U + 1.14

Mwaka 1997 Peter Wilf alitoa mwingine kwa misitu ya Amerika:

joto la wastani la mwaka = 28.6 × U + 2.24

Ukiwa na spishi 30, na 21 kati yake hazina meno, U ni 0.70. Mlinganyo wa Asia unakupa nyuzi 22.6 za Selsiasi, wa Amerika nyuzi 22.3. Hesabu inakamilika kwa dakika moja, na wepesi huo ndio unaowaponza watu: namba ikitoka ya ajabu, wanakimbilia kubadilisha mlinganyo, wakati tatizo mara nyingi liko kwenye trei ya sampuli au kwenye mwamba wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia huko.

Kabla ya yote: ukaguzi wa mambo matatu

Je, umehesabu spishi au umehesabu majani? Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote kwa wanaoanza. Ukiwa na majani 300, na 200 kati yake ni ya spishi moja yenye meno, spishi hiyo inaingia kwenye hesabu mara moja tu, sawa na ile uliyoipata kwa jani moja.

Je, umeweka mimea isiyohusika? Wanaohesabiwa ni miti, vichaka na mimea ya mbao inayotambaa, tena ya kundi la dikotiledoni peke yake, yaani mimea ya maua ambayo mbegu zake huchipua na vijani viwili. Toa kangaga, toa misonobari na jamaa zake, toa nyasi na jamii ya minazi, toa mimea ya majini. Mimea midogo isiyo na shina la mbao nayo haimo, maana meno yake hayaendi na joto kwa namna ileile.

Je, sampuli yote imetoka tabaka moja? Ukichanganya matabaka umechanganya nyakati, na wastani wa nyakati mbili ni hali ya hewa ambayo haikuwahi kuwepo.

Kama yote matatu yako sawa na namba bado inakusumbua, endelea kwa dalili.

Dalili: joto linatoka chini kuliko ushahidi mwingine wote

Mfano wa kawaida: tabaka lina visukuku vya jamii ya minazi na mamba, lakini majani yanakupa nyuzi 13. Jamii ya minazi haivumilii barafu ya mara kwa mara. Kwa jumla huishi pale ambapo wastani wa mwezi wa baridi zaidi uko juu ya nyuzi 5 hivi. Ushahidi wa namna hiyo ukipingana na majani, majani ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Sababu inayoongoza ni maji. Majani yanahifadhika pale yanapozikwa haraka kwenye tope: ukingoni mwa ziwa, kwenye kinamasi, kwenye mkondo wa mto ulioachwa. Basi mimea inayojaza trei yako ni ile iliyoota kandokando ya maji, na mimea hiyo ina meno zaidi kuliko msitu wa ndani wenye hali ya hewa ileile. Robyn Burnham na wenzake walilipima hili katika Amazoni ya Ekuado na kulichapisha mwaka 2001: mimea ya kando ya mito na maziwa ilishusha makadirio kwa nyuzi 2.5 hadi 5. Hiyo ni tofauti kubwa, inatosha kugeuza msitu wa tropiki ukaonekana wa nchi yenye majira ya baridi. Nalisisitiza kwa sababu linamgusa karibu kila mtu anayefanya kazi hii. Hakuna anayechimba majani kwenye mlima mkavu.

Angalia mwamba kabla ya kuangalia kikokotoo. Tope laini lenye tabaka nyembamba kama kurasa linaashiria ziwa tulivu. Mchanga wenye tabaka za mshazari ni mto. Weusi wa mkaa na alama za mizizi zilizosimama wima ni kinamasi. Kama shimo lako moja tu ndilo linalokupa spishi zote, na liko kwenye kinamasi, dawa ni kufungua mashimo mengine kwenye tabaka hilohilo yanayowakilisha mazingira tofauti, kisha kuunganisha orodha. Usijiongezee nyuzi 4 kimyakimya ili namba ipendeze. Andika makadirio kama yalivyotoka, na pembeni yake eleza kwamba mazingira ya maji huenda yameyashusha na kwa kiasi gani.

Sababu ya pili ni meno ya uongo, yaani mipasuko na alama za wadudu zinazofanana na meno, ambayo nitayaeleza kwa urefu hapa chini.

Ya tatu ni mwinuko. Majani hueleza joto la mahali yalipoota. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina wastani wa nyuzi 19 hivi, na Mombasa nyuzi 26, ingawa zote ziko karibu na ikweta. Tabaka lililowekwa juu ya mlima wa kale litatoa namba ya mlima. Hilo si kosa, ila ukiilinganisha na namba ya pwani bila kurekebisha mwinuko, kosa limekuwa lako.

Dalili: watu wawili wanahesabu trei moja, wanapata U tofauti

Hapa ndipo mahali pa kutulia. Katika sampuli ya spishi 30, spishi moja ikihama kutoka "ina meno" kwenda "haina", joto linabadilika kwa takriban nyuzi 0.95. Katika sampuli ya spishi 12, spishi hiyohiyo moja inahamisha nyuzi 2.4. Ubishi wa jani moja ni ubishi wa hali ya hewa.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Weka mezani bamba, yaani kipande bapa cha mwamba chenye jani, zima taa ya dari, leta taa ndogo ya pembeni iangaze kwa chini sana, karibu ilale juu ya mwamba. Zungusha bamba polepole. Meno ambayo hayakuonekana kwa mwanga wa juu yatatoa vivuli. Tumia lenzi ya mkono inayokuza mara 10, na uanzie kwenye vishipa ndani ya jani, si kwenye ukingo: fuata kishipa kutoka mshipa mkuu kwenda nje uone kinaishia wapi.

Jino la kweli lina kishipa chake, ama kinaingia moja kwa moja ndani ya ncha ama kinapinda karibu nayo na kutuma tawi. Meno ya kweli hufuatana, yanafanana umbo, na nafasi kati yake zina mpangilio. Mpasuko ni kitu kingine: vishipa vimekatwa ghafla kana kwamba jani linaendelea nje ya ukingo, na mstari wa ukingo hauna mpangilio. Alama ya mdudu huwa ni nusu duara, na kama jani lilikuwa hai lilipoliwa utaona utepe mwembamba mweusi uliovimba kuzunguka jeraha, ndiyo tishu iliyojifunga. Utepe huo ukiuona, acha kuhesabu meno hapo. Mwiba ulio kwenye ukingo bila kishipa ndani yake nao si jino.

Sababu ya pili ni kuchanganya meno na migawanyiko mikubwa ya jani. Kanuni inayotumika ni hii: mkato unaoingia robo au zaidi ya njia kuelekea mshipa mkuu unaligawa jani, nao hauhesabiwi kuwa jino. Chini ya robo, ni jino. Jani la mpapai lina migawanyiko mikubwa. Hiyo peke yake haikupi ruhusa ya kuandika "lina meno".

Sababu ya tatu ni kugawa spishi moja mara mbili. Mforosadi mmoja unaweza kuzaa jani zima na jani lililogawanyika kwenye tawi lilelile. Vikifika kwako vikiwa visukuku, ni rahisi kuviita spishi mbili, zote zenye meno, na U ikashuka bila sababu. Linganisha mtandao wa vishipa vidogo kabla ya umbo la nje. Umbo la nje hubadilika sana, mtandao wa vishipa haubadiliki hivyo.

Spishi ambayo baadhi ya majani yake yana meno na mengine hayana inapewa 0.5. Ikiwa kingo zote zimevunjika kiasi cha kutoamulika, itoe spishi hiyo kwenye hesabu kabisa. Kisukuku ambacho ukingo wake haupo hakina ushahidi wa "ukingo laini", na wengi hukosea hapo.

Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana, halafu wakae pamoja kwa zile walizotofautiana tu. Zikibaki spishi ambazo hamwezi kukubaliana, toeni makadirio mawili, la juu na la chini.

Dalili: kadirio ni zuri lakini kosa lake ni kubwa mno

Kosa hapa ni kiasi ambacho kadirio linaweza kupishana na joto halisi. Karibu kila mara sababu ni uchache wa spishi. Wilf alipendekeza kosa la sampuli lihesabiwe hivi: chukua U × (1 − U), gawanya kwa idadi ya spishi, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 28.6. Kwa U ya 0.70 na spishi 10, kosa ni nyuzi 4.1. Kwa spishi 15 ni 3.4. Kwa 30 ni 2.4, na kwa 60 ni 1.7. Utaona faida inapungua kadiri unavyoendelea. Kutoka spishi 10 kwenda 30 ni kazi yenye malipo makubwa kuliko kutoka 30 kwenda 60.

Chini ya spishi 20 mimi nisingetoa namba ya kulinganishwa na tovuti nyingine. Hata programu ya CLAMP, aliyoianzisha Wolfe mwaka 1993 na inayotumia sifa 31 za jani badala ya moja, inataka walau spishi 20.

Ukiona kosa lako limeshuka chini ya nyuzi 2, usishangilie. Hesabu hiyo inapima bahati ya sampuli pekee, haijui kwamba misitu ya leo yenyewe imetawanyika kuzunguka mstari. Milinganyo iliyojengwa kwa misitu ya dunia nzima, kama ile ya Daniel Peppe na wenzake ya mwaka 2011, ina makosa ya takriban nyuzi 4 hadi 5. Ripoti inayosema "nyuzi 22.3 jumlisha au toa 0.8" inadai zaidi ya kile majani yanachoweza kusema.

Dalili: milinganyo miwili, majibu mbali kabisa

Asia na Amerika hupishana kidogo. Ukiona pengo kubwa, huenda umeweka mlinganyo wa nusu ya kusini ya dunia. Wa Australia ni 27.0 × U − 2.12. Kwa U yetu ya 0.70 unatoa nyuzi 16.8, yaani chini kwa zaidi ya nyuzi 5 kuliko wa Amerika, kwa trei ileile.

Sababu ni historia ya mimea. Kusini kuna miti mingi isiyopukutisha majani, yenye ukingo laini, inayostawi kwenye baridi ya wastani. Nyuzilandi nayo haikubaliani vizuri na mstari wa kaskazini. Chagua mlinganyo kwa undugu wa mimea na eneo lake, na uuchague kabla ya kuona jibu. Aliyejaribu minne akachapisha ule uliompendeza hajakadiria kitu.

Dalili: U iko karibu na 1

Mlinganyo wa Asia hauwezi kupita nyuzi 31.7, na wa Amerika nyuzi 30.8, hata dunia ingekuwa tanuri. U ikifika 0.95, umegonga dari. Andika "joto la tropiki" na uishie hapo.

Kabla ya hapo, hakikisha mambo mawili. Kwanza, kingo zilizosagika wakati majani yanasafirishwa na mto hupoteza meno madogo. Pili, angalia ukavu: uoto wa nchi kavu una majani madogo, magumu, yasiyo na meno, hata pale ambapo joto si kali. Jamii ya kunde, pamoja na migunga, huongeza spishi za ukingo laini kwa wingi, kwani kila kipande kidogo cha jani lao lenye vipande vingi kinachukuliwa kama jani, na ukingo wake ni laini.

Dalili: tovuti ni ya Afrika Mashariki, na joto linaloonekana halina maana

Linahitaji nafasi yake, kwa sababu swali hili ndilo linalotuhusu hapa kwetu. Meno yanaonekana kumsaidia mti wa nchi za baridi mwanzoni mwa msimu: Dana Royer na Peter Wilf walionyesha mwaka 2006 kwamba kingo zenye meno hufanya kazi zaidi ya kupitisha maji na kutengeneza chakula katika wiki za kwanza za jani. Pale ambapo majira ya kupungukiwa joto hayapo, faida hiyo haina pa kujitokeza. Ukitembea Mombasa au Dar es Salaam utakuta mwarobaini, majani yake yana meno dhahiri, ukiota kwenye joto la pwani karibu na mwembe, mkorosho na mkungu ambao kingo zake ni laini. Mti mmoja si kipimajoto, na kwenye tropiki hata msitu mzima ni kipimajoto kisicho na unyeti.

Bonnie Jacobs, ambaye amefanya kazi kwa miaka mingi kwenye visukuku vya mimea vya Afrika, alipima uoto wa leo wa Afrika ya tropiki na kuchapisha mwaka 1999 na 2002, akitumia matokeo kwa visukuku vya Vilima vya Tugen, Baringo. Kilichojitokeza ni kwamba majani ya huku yanaeleza mvua vizuri zaidi kuliko joto, na ukubwa wa jani ndio unaobeba habari. Majani makubwa, mvua nyingi. Majani madogo, ukame.

Kwa hiyo ukiwa na majani ya Mahenge kule Singida, yaliyozikwa kwenye ziwa la kreta yapata miaka milioni 46 iliyopita, au ya Chilga nchini Ethiopia yenye miaka milioni 27 hivi, au ya Kisiwa cha Rusinga yenye miaka kama milioni 18, badilisha swali. Uliza mvua. Pima eneo la kila jani, ukikadiria sehemu iliyovunjika. Jihadhari na mtego mmoja: majani makubwa huvunjika zaidi, na yale yanayoanguka ziwani hutoka kileleni mwa msitu ambako jua kali huyafanya madogo. Ukipima yaliyo kamili peke yake, utaifanya nchi ionekane kavu kuliko ilivyokuwa. Bado majani ya kreta ya Mahenge yanatuambia jambo kubwa kuhusu nchi yetu; tuyasikilize kwa swali linaloyafaa.

Dalili: joto linaruka sana kutoka tabaka moja hadi la juu yake

Kwanza angalia kama idadi ya spishi imebadilika. Kisha angalia kama mwamba umebadilika, kwa mfano kutoka ziwa kwenda mto. Yote mawili yakiwa sawa, kuruka huko kunaweza kuwa kwa kweli: katika Bonde la Bighorn, Wyoming, Marekani, majani yaliandikisha joto la ghafla la miaka milioni 56 iliyopita. Lakini Bighorn wana miamba yenye umri uliopimwa kwa makini na ushahidi wa kemikali uliosimama pembeni. Bila hivyo, usitangaze.

Wakati wa kusimama na kumwita mtaalamu

Mwamba ukianza kupasuka kinyume na tabaka zake, acha patasi. Ukingo wa jani uliofunikwa na chembe za mwamba unaondolewa kwa sindano chini ya darubini na mtu aliyezoea. Asidi na brashi ya waya havifai kabisa, na ukingo uliopotea haurudi.

Ukikuta mfupa au jino la mnyama katikati ya majani, simama. Usiutoe. Weka alama ya mahali, piga picha na ripoti. Nchini Kenya visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, na Tanzania na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kuchimba au kutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, hata kama ni jani moja.

Zikizidi spishi tatu ambazo hamjaafikiana kama zina meno, au mkishindwa kutenganisha spishi, tafuteni mtaalamu wa mimea anayefanya kazi kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Nairobi ipo Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Umri wa mwamba nao haukadiriwi kwa macho: majivu ya volkano yaliyo juu na chini ya tabaka yapelekwe maabara.

Unapomwandikia mtaalamu, mpelekee picha za pande zote mbili za bamba, moja ikiwa na mwanga wa juu na nyingine mwanga wa pembeni, kipimo cha sentimita kikiwa ndani ya picha, pamoja na maelezo ya tabaka na aina ya mwamba, na orodha ya spishi kama mlivyoihesabu kabla ya kuirekebisha.